Chai Isiyo na Majani

Mimi nikikasirika sisemi, napika. Watu wa ploti yetu hapa Tuwani, Kitale, wanajua. Wakisikia sufuria zikigongana asubuhi hakuna anayenisogelea kuuliza kitu.

Jina langu ni Phelista Nasambu, lakini huku kila mtu ananiita Mama Beth kwa sababu ya binti yangu wa kwanza. Nilizaliwa Sirisia, nikaolewa Kitale, nikazika mume wangu Kitale, na mwaka huu ni wa kumi na sita nauza chai na mandazi kwenye kibanda mbele ya geti la ploti. Chai yangu inajulikana. Sijisifu, uliza watu wa bodaboda.

Nataka kusimulia nilichomfanyia Ian. Nimewahi kukigusagusa, lakini nikifika mahali fulani huwa naruka. Leo sitaruka.

Walihamia mwezi wa tatu, vijana wawili wa kanisa la Wamormoni, wakachukua chumba namba tano. Mmoja alikuwa Mathenge, wa Nyeri. Mwingine alikuwa mzungu kutoka Amerika, mrefu, shingo imechomwa na jua ikawa nyekundu, shati jeupe na tai, na kibandiko cheusi kifuani. Nikamuuliza hicho kibandiko kinasema nini.

"Elda," akanijibu. "Maana yake ni mzee."

Mzee! Kijana wa miaka kumi na tisa, hata ndevu hazijaamua kama zitatoka. Nikamwambia mzee wangu nilishamzika, mimi nitakuita jina ulilopewa na mama yako. Akamwangalia mwenzake, wakacheka, akasema anaitwa Ian.

Sasa kwetu mtu akihamia, jirani anampelekea chai. Saa kumi jioni nikajaza thamosi yangu kubwa, chai ya majani iliyopikwa kwa maziwa matupu na tangawizi, nikaiacha mlangoni kwao. Kesho yake asubuhi ikarudi imejaa. Imejaa, jamani! Ian alinipa kwa mikono miwili akaniambia, "Mama, tunashukuru sana kwa ukarimu wako. Lakini sisi hatunywi kinywaji chenye majani ya chai. Ni ahadi tuliyomwekea Mungu." Kiswahili cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi.

Chepkirui, mwenzangu anayeuza sukuma na nyanya kando ya kibanda, alikuwa amesikia yote. "Ai, Mama Beth! Ati hata wazungu wamerudisha? Ama uliweka chumvi?" Watu wa bodaboda wakaangua kicheko. Hicho kicheko ndicho kiliniuma. Kule Sirisia ukirudishiwa chombo kikiwa kimejaa, umeambiwa kitu, na najua wanawake walioacha kusalimiana kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nikamuuliza Ian, kwa sauti tamu kabisa, "Nikikupikia chai isiyo na majani utakunywa?" Maana sisi huku kila kitu cha moto kikiingia kikombeni ni chai. Iko chai ya soya, chai ya chokoleti, hata maziwa na sukari peke yake ni chai.

"Haitakuwa na majani hata kidogo?" akauliza.

"Hata kidogo."

Kesho yake nikachemsha maziwa, nikatia vijiko vitatu vya chokoleti na tangawizi nyingi. Na hapa ndipo huwa naruka. Nikafungua mkebe, nikatia majani ya chai vijiko viwili vizito, nikayaacha yachemke vizuri, halafu nikachuja mara mbili kwa kitambaa. Chokoleti ikaficha rangi, tangawizi ikaficha harufu. Nilikuwa nimeshamwambia Chepkirui kwamba leo mzungu atakunywa majani yangu na atasema asante.

Mathenge maziwa humkata tumbo, yeye ni wa maji moto na ndimu, kwa hivyo hakuonja. Ian akanywa. Akafunga macho. Akaomba kikombe kingine na akasema asante mara tatu. Chepkirui alijifunika uso kwa leso, akacheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka, siwezi kukataa. Nilicheka siku nzima.

Ilikuwa iwe siku moja tu. Lakini akarudi kesho yake, asubuhi wakienda kutembelea watu na jioni wakitoka huko. Siku ya tatu roho ikanisuta, nikapika bila majani kweli. Akaonja, akasema, "Leo pia ni nzuri, mama," lakini akaacha nusu kikombe. Basi nikarudisha majani. Nikajiambia huyu ni mtoto wa watu, yuko mbali na kwao, mwache apate anachopenda. Uongo mtupu. Nilipenda kuona chai yangu imeshinda.

Ilienda hivyo miezi minne.

Na katika hiyo miezi nikamjua. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunawasikia wakisoma kwa sauti. Halafu wanatoka, siku zote wawili, hata akienda kununua kiberiti Mathenge yuko nyuma yake. Wanafungiwa milango, wanafukuzwa na mbwa, wanarudi na matope mekundu mpaka magotini, nami namuuliza siku ilikuwaje. "Ilikuwa nzuri sana, Mama Beth." Nilimwona akikoroga simiti ya jirani bila malipo. Nilimwona akinilimia kipande changu cha sukuma nyuma ya ploti, viganja vimetoka malengelenge, na mimi nimemkataza. Nilipolala na malaria siku moja mwezi wa sita, yeye na Mathenge walichota maji yangu, wakafagia kibanda, na Ian akajaribu kukaanga mandazi. Zikaungua. Alisimama pale akamwomba kila mteja msamaha, mmoja mmoja.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yao ya kufua na kupiga simu nyumbani. Jumatatu moja akatoka kwenye kamba ya nguo, akaniletea simu mpaka kibandani. Ndani yake mama mmoja wa kizungu mwenye macho kama ya Ian. Akasema maneno mengi kwa Kiingereza, akapangusa pua, na Ian akanitafsiria. "Mama yangu anasema asante kwa kunitunza. Anasema sasa analala vizuri kwa sababu yako." Nikatabasamu. Nikampungia mkono. Sufuria ilikuwa inachemka nyuma yangu, na majani ndani.

Baada ya hapo kila asubuhi niliapa leo naacha, na kila asubuhi mkono ulienda wenyewe kwenye mkebe. Ningeacha, angeuliza mbona ladha imebadilika, nami ningejibu nini?

Mwezi wa saba akahamishiwa Bungoma. Alilia na mimi nikalia, lakini wacha niseme yote. Moyoni nilishukuru Mungu kwamba mambo yameisha bila mtu kujua.

Siku ya tano Mathenge, ambaye alikuwa amebaki Kitale na mwenzake mpya, akaja kibandani uso umemshuka.

"Mama, Ian ni mgonjwa. Kichwa, tangu afike. Hataki mwanga, anatapika. Wamepima malaria hakuna, taifodi hakuna. Kesho anapelekwa Eldoret kupigwa picha ya kichwa, na wakubwa wetu wanasema ikibidi atarudishwa Amerika, hatamaliza kazi yake. Hiyo ndiyo inamliza kuliko kichwa."

Nilikuwa nimeshika chujio. Nani huku hajui kichwa cha chai? Chepkirui mwenyewe akikosa chai asubuhi, ikifika saa nne amejifunga leso kichwani na haongeleshwi. Khane! Kumbe mimi nilimfunga mtoto wa watu kwa majani kutwa mara mbili, miezi minne, halafu nikampungia mkono aende!

Mathenge alipoondoka Chepkirui akaniangalia. Hakucheka. "Mama Beth, hiyo si ugonjwa. Hiyo ni majani."

"Nyamaza," nikamwambia, lakini nilikuwa nimeshavua aproni.

Msifikiri nilienda kuungama. Nilienda na thamosi. Nilipika ile ile, majani vijiko viwili, na njia yote mpaka Bungoma nilikuwa napanga. Nitampa vikombe viwili, kichwa kitashuka, Eldoret hataenda, na watu watasema Mama Beth ana mkono wa uponyaji. Halafu nitamwachia chokoleti yangu kwenye mkebe, yenye majani yaliyosagwa, na kila mkebe nitakaomtumia nitapunguza kidogo. Hakuna atakayejua. Hata wimbo niliimba.

Nyumba yao ilikuwa upande wa kuelekea Mabanga. Mlango ukafunguliwa na mwenzake mpya, Kipyegon, kijana wa Nandi aliyezaliwa katikati ya mashamba ya majani ya chai. Wanawake hawaingii kwao, ni sheria yao, kwa hivyo akamtoa Ian nje, akamketisha barazani kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa na taulo usoni. Amekonda, jamani.

"Mama Beth? Umetoka Kitale kwa ajili yangu?"

"Si mbali, bana." Nikamimina kikombe, mvuke ukapanda. "Kunywa hii. Kichwa kitapoa."

Kipyegon akauliza kwa adabu tu, "Mama, haina majani?"

Kabla sijafungua mdomo Ian akajibu, taulo bado usoni. "Kwa Mama Beth hatuulizi. Kila nyumba nimeingia Kenya nimeuliza, hata kwa watu wa kanisa letu. Kwake tu ndiyo siulizi."

Akanyoosha mikono yote miwili, haoni kitu, akashika kikombe. Mimi sikukiachilia. Tukabaki tumekishika wote wawili, nami nasikia aibu ikinipanda kutoka miguuni, masikio yakawa moto, na nilitamani baraza lipasuke niingie.

"Iko majani," nikasema.

"Leo umesahau?"

"Sijasahau. Iko majani siku zote. Tangu ile ya kwanza. Mlinirudishia thamosi imejaa, watu wakanicheka, nikakasirika, nikakudanganya makusudi. Kichwa chako si ugonjwa, Ian. Ni mwili unatafuta majani. Siku mbili tatu kitaisha chenyewe. Waambie wakubwa wako kabla hawajakupeleka mahali."

Akatoa taulo. Macho yalikuwa mekundu na jua lilikuwa linamuumiza, lakini aliniangalia hivyo hivyo. Nilitaka anitukane. Haki ya Mungu, nilikuwa nangoja matusi.

"Siku zote?" akauliza.

"Siku zote."

"Hata siku ulipoongea na mama yangu?"

Woi. Hilo swali. "Hata siku hiyo," nikajibu.

Akatikisa kichwa polepole. Akatoa simu mfukoni, akampigia mkubwa wake, akaongea Kiingereza muda mrefu, sauti chini. Kiingereza changu ni cha kuuza mandazi, kwa hivyo nikamuuliza Kipyegon anasema nini. Kipyegon akaangalia viatu vyake.

"Anasema ni kosa lake. Anasema hakuuliza tena."

Nikachukua thamosi yangu. Nilimwaga ile chai yote kwenye mtaro kando ya barabara, mtu mmoja akapita akaniambia nampotezea Mungu maziwa. Nilipofika Kitale Chepkirui akataka tugawane hiyo aibu, ati tulicheka pamoja. Nikamwambia hapana. Wewe ulicheka, mimi ndiye nilichuja.

Kichwa kiliisha, na Eldoret hakwenda. Mathenge aliniletea hizo habari, na tangu hiyo siku yeye mwenyewe akawa anapita na chupa yake ya maji. Nilikuwa namwona akinisalimia kwa haraka, nami nachemsha chai ya wengine. Maji yake moto na ndimu sikumpikia tena.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, Ian akimaliza miaka yake miwili ya kazi ya kanisa, alipita Kitale kuaga kabla ya kupanda ndege. Alikuja na Kipyegon. Nilikuwa nimeambiwa siku mbili kabla, na nilienda sokoni nikanunua sufuria mpya, chujio jipya na kikombe kipya, vitu ambavyo havijawahi kuguswa na majani. Maziwa, chokoleti, tangawizi, sukari. Niliviweka mbali na mkebe, upande mwingine wa kibanda, na Chepkirui akanisimamia kama mlinzi.

Alifika, akanisalimia kwa mikono miwili, akauliza habari ya Beth, habari ya sukuma, habari ya malaria yangu. Kile Kiswahili cha kitabuni kilikuwa kimeisha, sasa anaongea kama sisi, "si" na "ati" kila mahali. Alinipa picha yetu ya siku zile za mandazi kuungua, ameitia kwenye fremu. Nikalia hapo hapo mbele ya wateja. Akaniambia, "Mama Beth, hiyo mambo iliisha zamani." Na alikuwa anasema kweli, nilimwona usoni.

Nikammiminia. Akakaa kwenye benchi lake lile la zamani, akashika kikombe kwa mikono miwili, akakiangalia muda kidogo.

"Mama," akasema taratibu, kama mtu anayeomba radhi, "iko majani?"

"Hakuna. Haki ya Mungu, Ian, hakuna. Hata sufuria ni mpya."

Akatabasamu, akasema asante. Halafu akampa Kipyegon kikombe anuse kwanza.