Sanduku Lililorudi Kutoka Uwanja wa Ndege

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Profesa Han, hapa Sydney, sikugusa pipeti wala darubini. Alinipeleka kwenye chumba cha matangi ya naitrojeni, ile hewa inayopozwa mpaka iwe maji baridi kupita barafu yoyote. Akafunua tangi moja, mvuke mweupe ukatumwagikia miguuni.

"Bi Nekesa," akasema, "humu ndani mna watu. Kila kichupa ni mtu aliyetoa damu yake akatuamini. Lolote litakalokipata kichupa, liandike."

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika maabara za hospitali, Bungoma na Nairobi, kabla ya kuwafuata wanangu Australia. Nilizoea damu ya kupimwa leo na kumwagwa kesho. Hapa nilijifunza kutenga seli nyeupe, zile askari wa mwili, na kuzigandisha zikiwa hai. Kugandisha ni polepole. Kuyeyusha ni haraka, ndani ya maji ya vuguvugu. Ukikosea mwendo, zinakufa. Profesa alikuwa mpole, lakini akipita nyuma yako alitazama mikono yako kwanza, ndipo akakujulia hali.

Korona ilipoingia, alimpigia simu Dkt. Seo, mama aliyekuwa na maabara yake Kanada. Wawili hao walisoma chuo kimoja kwao Korea, Profesa akiwa mbele kwa miaka miwili, na mama yule bado alimwita "sunbae", neno lao la heshima kwa aliyekutangulia masomoni. Walikubaliana tukusanye damu za watu waliopona, tugawe seli za kila mmoja mafungu matatu: la kupima hapa, la kupelekwa Kanada, na la akiba. Walitaka kujua mwili hukumbuka ugonjwa ule kwa muda gani, na jibu moja kutoka nchi mbili lingeaminika zaidi.

Kila wiki tulikutana kwenye Zoom, asubuhi kwetu, jioni kwao. Wao wawili walianza kwa Kikorea na vicheko, kisha wakahamia Kiingereza ili mimi nifuate, pamoja na Jimin, binti aliyekuwa fundi wa maabara wa Dkt. Seo.

Sanduku la kwanza nililipakia mwenyewe, vichupa vikiwa vimezikwa katika barafu kavu, ile inayotoweka bila kuwa maji. Lilichukuliwa na dereva wetu, Papa Bahati, Mkongomani aliyeishi mtaa wa Granville. Siku ya nne akarudi nalo.

"Mama, kartoni yenu imerudia. Avion haikuruka. Ilibakia ku airport siku tatu."

Nilipofungua, barafu kavu ilikuwa imebaki vipande vidogo kama vidole. Seli vichupani zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Asubuhi hiyohiyo wenzangu wawili walikuwa wameambiwa mikataba yao haitaendelea, na wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili. Nikasimama pale na barakoa yangu, nikijiambia labda zimesalimika. Nikavirudisha kwenye baridi, na ndege ilipopatikana nikavituma na barafu mpya. Daftarini sikuandika neno.

Majibu ya Kanada yalikuja mabaya: seli nyingi zilikuwa zimekufa.

"Jimin anaziyeyusha polepole mno," Profesa akasema kwenye Zoom.

"Sivyo, sunbae," Dkt. Seo akajibu. "Nilisimama karibu naye nikamtazama."

"Basi mtazame tena."

Siku hiyo hawakucheka. Wiki iliyofuata Dkt. Seo akatuambia kwamba amemwondoa Jimin kwenye kazi ile. Nilimwona pembeni mwa kioo cha kompyuta, ameinamisha kichwa. Nikarudi nyumbani, Seven Hills, kwa treni karibu tupu.

Asubuhi nilienda kwa Profesa hata kabla sijavaa koti la kazi.

"Profesa, sanduku la Kanada lilirudi. Seli zilianza kuyeyuka, nami nikazituma hivyohivyo. Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kufukuzwa."

"Na mimi nimekataa neno la mtu ambaye hajawahi kunidanganya," akasema, akampigia Dkt. Seo papo hapo. Akasimama mbele ya kamera, akainama kwa kiuno, yeye mkubwa, mbele ya mdogo wake wa masomo. Sikielewi Kikorea, ila sauti ya mama yule niliielewa: ilianza kali, ikashuka, ikatetemeka. Kisha nikaomba nizungumze na Jimin.

"Jimin, mikono yako haikukosea. Kosa ni langu. Nisamehe."

Binti akaitazama mikono yake. "Nilikuwa nimeanza kuiogopa," akasema.

Profesa akanigeukia. "Tutume akiba."

"Likipotea fungu hili hakuna jingine. Damu ya watu wale, ya mwezi ule, haipatikani tena."

"Najua. Pakia."

Papa Bahati nilimweleza yote. Akalipokea sanduku kwa mikono miwili. "Mama, leo sitoki ku airport mupaka avion iruke." Na hakutoka; alinipigia simu ndege ikiwa tayari hewani. Siku chache baadaye tulimwona Jimin kwenye kioo akifungua sanduku, moshi mweupe ukimfunika viganja. Akayeyusha, akahesabu. Karibu zote zilikuwa hai. Dkt. Seo alimwambia sunbae wake jambo kwa Kikorea, naye akacheka mpaka akavua miwani.

Nilipata barua ya onyo, nami niliistahili. Mkataba wangu uliongezwa pia, na kazi niliyopewa kwanza ni kuandika mwongozo wa nini kifanyike sanduku likirudi. Majibu ya Sydney na Kanada yalipowekwa pamoja, yalilingana.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kanisani kwetu wanaosomea maabara huniuliza juu ya mashine, nami huwasimulia habari za Jimin. Utakosea, nawaambia; wahi kusema kabla mwingine hajaubeba mzigo wako.

Jimin mwenyewe sijawahi kumshika mkono. Alipojifungua alinitumia picha ya mtoto, akauliza watu wa kwetu Bungoma humwitaje bibi. Nikamwandikia: kukhu. Siku hizi ujumbe wake wote huanza na neno hilo.