Kibodi Inayojibu

Mpiga chapa wa wakili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chapa, alikuwa akipoteza macho. Ukungu ulianza pembeni, ukasogea katikati, na aliyejua ni binti yake tu. Wakili akijua, kazi imeota mbawa, na kazi hiyo ndiyo iliyowaweka mjini wote wawili.

Alikuwa akijikongoja kwa mazoea ya vidole, mpaka ofisi ikaleta kibodi mpya, bapa, kimya. Ukibonyeza, hujui imeitika au imekudharau. Basi akaenda na binti kwa fundi wa kompyuta kutafuta yake mwenyewe.

"Chukua hii, mama," fundi akasema. "Haina kelele, hata mtoto haamki."

"Mwanangu, mimi silazi watoto. Nataka inayojibu."

Akafumba macho, akajaribu moja. "Hii ina mafua." Nyingine. "Hii inakwama kama droo ya kabati." Ya tatu ilikuwa kuukuu, vitufe vimesimama wima, kila kimoja kikishuka kinatoa *tak!* safi, na kidole kinasukumwa juu taratibu. Akavipitia vyote, kimoja kimoja, sikio limeinama.

"Mama, mbona imechakaa?" binti akauliza. "Herufi zimefutika."

"Herufi za nini? Mimi nazisikia."

Wakacheka, wakaondoka nayo.

Sasa, kibodi huwa na vinundu viwili vidogo, kimoja kwa kila kidole cha shahada, vya kuonyesha mikono ikae wapi. Mama Chapa alikuwa amevizoea hata akasahau kwamba vipo. Kwenye ile kuukuu vilikuwa vimelika, na yeye alipima sauti tu.

Asubuhi yake, ofisini, wakili akasoma kwa sauti maelezo ya mjane mmoja, yanasubiriwa mahakamani. Mama Chapa akapiga. Tak, tak, tak, kama mvua juu ya bati.

"Leo umekuja na cherehani?" wakili akatania.

Mama Chapa akatabasamu, akaongeza kasi. Miaka mingi vidole vyake havijaona raha kama ile.

Wakili akachukua karatasi kwenye printa.

"Mama, hii lugha gani?"

Mikono ilikuwa imekaa kitufe kimoja pembeni tangu mstari wa kwanza. Mama Chapa akaipokea karatasi, akaisogeza mpaka ikagusa pua. Hapo wakili akamtazama vizuri.

"Tangu lini?"

"Naona kidogo, wakili. Ni hii kibodi tu…"

"Nenda nyumbani, mama. Upumzike."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja moyo. Mama Chapa akachomoa waya, akaondoka na kibodi kwapani.

Nyumbani binti alisikiliza mpaka mwisho. Akaleta gundi na punje mbili za mchele, akabandika pale mama alipomwelekeza. Gundi ilipokauka, Mama Chapa akashusha mikono, na vidole vikapata mahali pake papo hapo.

"Nisomee kitu basi, nipige," akasema.

Binti akaangaza chumbani. Hakukuwa na cha kusoma; karatasi zote zilibaki kwa wakili.