Wiki Nane Nilizomwombea Mwalimu Zuhura

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya Kariobangi, Sista Msimamizi alinipeleka hadi mwisho wa ukumbi, akafungua chumba kilichokuwa na meza moja, viti viwili na marobota ya pamba yaliyopangwa hadi darini.

"Umesomea wagonjwa wa akili," akaniambia, "basi hapa ndipo kwako. Pamba tutaihamisha tukipata mahali."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Pamba ilikaa humo miaka mitatu.

Nilikuwa nimetoka hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, ambako muuguzi alijulikana kwa funguo zilizoning'inia kiunoni. Huku mtaani sikuwa na ufunguo hata mmoja. Watu walikuja kwa kikohozi na homa, wakaupita mlango wangu mbiombio, maana aliyeonekana akiingia aliitwa kichaa kabla hajafika kwake. Nikamwomba Sista Msimamizi anipe na kazi ya kupima presha. Mtu akishaketi, mkono wake umefungwa kitambaa, nilimwuliza polepole, "Na usingizi, unaupata?" Wengi walitazama mlango kwanza, kisha wakaanza kusema.

Ninyi wauguzi wa sasa mna majina mengi ya maradhi haya. Sisi kwenye kadi tuliandika "wasiwasi", lakini hatukumaanisha ule wa kungoja matokeo ya mtihani. Tulimaanisha moyo unaodunda kama wa mtu aliyekimbizwa, jasho viganjani, pumzi fupi, na imani kamili kwamba unakufa, hali ukipimwa huna kasoro. Ama ugonjwa wa kukosa umakini, ule wa akili kurukaruka na kazi kuachwa katikati, tulifundishwa kuwa ni wa watoto wasiotulia darasani, na kwamba wakikua unawatoka. Niliyaamini hayo mpaka nilipoletewa Zuhura.

Zuhura alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa shule ya chekechea. Watoto walimpenda kwa nyimbo na michezo yake. Siku moja saa sita mchana aliwaaga, akafunga darasa, akaenda zake. Nyuma ya mikeka iliyokunjwa alikuwa amebaki Akinyi, mtoto wa miaka minne, amelala. Mpita njia alimsikia saa tisa akigonga dirisha, sauti imemkauka kwa kulia. Alitolewa mzima. Lakini baba yake, dereva wa lori, alikwenda kwa kamati ya shule akataka Zuhura afukuzwe, na kamati ikamsimamisha kazi.

Aliletwa kwangu na mjomba wake, pamoja na ujumbe wa mama yake, Bi. Saumu wa Majengo. "Mamake anasema mumfungie," mjomba akaeleza bila kunitazama. "Anaogopa atakuja kuua mtoto wa watu."

Daktari Mkuu alikuwa akitutembelea kila Alhamisi. Alisoma kadi ya Zuhura akiwa amesimama.

"Mpe dawa ya kumtuliza, umwandikie barua ya hospitali kubwa," akasema. "Akifungia mtoto mwingine tutajibu nini?"

"Daktari, huyu hana kichaa. Nipe wiki nane."

"Za kufanya nini?"

"Kumfundisha."

"Kumfundisha mwalimu?"

"Ndiyo, Daktari."

Alinitazama juu ya miwani. "Wiki nane basi. Na kwenye faili nitaandika jina lako, si langu."

Nilianza vibaya. Nilimwandikia Zuhura ratiba ya siku nzima, mistari iliyonyooka, kuanzia kuamka hadi kulala. Wiki iliyofuata alichelewa saa nzima, na ratiba ameipoteza. Nikamwandikia nyingine, hiyo nayo ikapotea. Nikamfokea. Nilimwambia nimemwekea dhamana kwa Daktari naye anafanya mchezo, kwamba anachohitaji ni kuwa makini tu.

Alisimama mlangoni, machozi yamemjaa. "Sista, tangu darasa la kwanza kila mtu ananiambia niwe makini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha huo umakini unafanywa vipi." Akaondoka.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilifunga chumba changu, nikaenda Majengo kumtafuta.

Nyumba yao ilinieleza mengi. Mchele ulikuwa umeoshwa, haujabandikwa. Gauni limekatwa mkono mmoja. Ndoo moja imejaa maji, ya pili iko njiani kuelekea bombani, imeachwa peke yake. Na ndani, mbali na mlango, alikuwa amekaa Bi. Saumu. Tangu mumewe aanguke na kufa sokoni Gikomba mbele ya macho yake, miaka minne nyuma, hakuwa amevuka kizingiti. Ndiyo maana alimtuma mjomba.

Nilikaa nao asubuhi nzima. Kila baada ya dakika chache mama aliita: "Zuhura, jiko umelizima? Zuhura, mlango? Zuhura, kanga za jirani umezianua?" Kila akiitwa, binti aliacha alilokuwa akifanya na kwenda kutazama, na hakurudi tena kwenye lile la kwanza. Hapo nikaelewa. Kwa miaka hiyo minne hofu ya mama ndiyo iliyokuwa kumbukumbu ya binti. Darasani, ambako hakuna wa kumwita, hakuwa na kumbukumbu nyingine.

"Bi. Saumu," nikasema, "siwezi kumtibu huyu peke yake. Nitawatibu wote wawili."

"Mimi? Mimi nina nini, mwanangu? Mimi naogopa tu."

"Basi tutaanzia hapo."

Nilimwomba radhi Zuhura mbele ya mama yake, kisha tukaanza upya. Kwa mama nilitumia njia tuliyoiita ngazi ya hofu: unapanga mambo yanayomtisha mtu, dogo chini, kubwa juu, naye anapanda moja moja, hashuki mpaka hofu itulie. Wiki ya kwanza ya ngazi hiyo alisimama kizingitini. Wiki ya pili tulifika bombani, akanishika mkono hadi kucha zikaniingia.

"Nakufa, Sista. Nirudishe."

"Hufi. Vuta pumzi polepole, hesabu hadi nne, uitoe. Hofu ikipanda hushuka yenyewe. Tusubiri tuione ikishuka."

Wanawake wa bombani walitutazama mpaka ndoo zao zikafurika. Baada ya muda mrefu vidole vyake vililegea. "Imeshuka," akasema, kama mtu aliyeona mgeni. Nilimpa na kazi ya nyumbani: akitaka kumwita Zuhura amkumbushe jambo, ashike tasbihi yake na anyamaze.

Kwa Zuhura niliachana na ratiba. Tulipachika kibao kidogo cha kuandikia kwa chaki karibu na mlango, na sheria yake ilikuwa mambo matatu tu. La nne haliandikwi mpaka moja lifutwe. Kwa darasa, tulifunga ufunguo na daftari la majina kwa kamba moja fupi, asiweze kushika kimoja bila kingine. Kabla ya kufunga atasimama mlangoni, aguse kichwa cha kila mtoto akitoka, ataje jina lake kwa sauti na kuweka alama. Mwalimu mkuu wa chekechea, mama mpole aliyemtaka arudi, alituruhusu kufanyia mazoezi darasani mchana likiwa tupu.

Wiki ya tano kati ya zile nane niliongeza jina langu daftarini, nikajificha nyuma ya mikeka. Zuhura aliimba majina, akagusa hewa kana kwamba ni vichwa, akaweka alama zote, pamoja na yangu, akafunga mlango. Niligonga dirisha. Alipofungua na kuniona, alikaa chini kwenye vumbi.

"Siwezi, Sista. Waambie wanifukuze."

"Ungeweza, tusingehitaji mazoezi. Alama yangu uliiweka kwa nini?"

Akafikiri. "Mdomo ulikuwa unaimba. Macho hayakuwepo."

"Basi tuyape macho kazi."

Tukaongeza hatua moja: kwanza kuinua mikeka yote na kutazama kila pembe, ndipo ashike kamba. Tulirudia siku baada ya siku. Sikumfundisha kukumbuka, nilimfundisha kupanga mahali ambapo kusahau kungegonga ukuta.

Wiki ya nane, Jumamosi asubuhi, kamati iliwaita wazazi. Nilieleza niliyoyaona, pamoja na ile kamba ya ufunguo na daftari. Baba Akinyi akasimama, kofia mkononi.

"Mwalimu, hiyo kamba yako itakuzuia kusahau?"

"Nitasahau, Baba Akinyi," Zuhura akajibu. "Ndiyo sababu kuna kamba."

Wazazi wakanong'ona. Wakati huo mlango ulifunguliwa, akaingia Bi. Saumu, buibui limelowa jasho. Alikuwa ametembea kutoka Majengo, na mjomba alikuwa nyuma yake hatua kumi, kama tulivyopatana. Hakuwa na hotuba. Alimwendea Baba Akinyi akasema, "Baba, mtoto wako alilia kwa uzembe uliotoka nyumbani kwangu. Nimekuja mwenyewe kukuambia pole." Kisha akatafuta kiti upesi, akavuta pumzi akihesabu hadi nne.

Baba Akinyi alivaa kofia yake. "Mwanangu hatarudi darasani kwako," akamwambia Zuhura. "Lakini sitakuzuia kwa watoto wa wengine."

Kamati ilimrudisha kwa muhula mmoja, akiwa na mwalimu wa pili kando yake. Muhula ulipita, na mingine mingi. Alipoteza miavuli na vitambulisho. Mtoto, hakupoteza tena. Bi. Saumu alifika msikitini, arusini, hata hospitalini kumwona dada yake. Gikomba hakuingia mpaka mwisho, nami sikumlazimisha.

Daktari Mkuu alisoma faili, akafuta jina langu, akaandika majina yetu sote wawili. Baadaye nilihamishiwa Majengo, kisha zahanati moja ya upande wa Embakasi, chini ya Afisa wa Ustawi wa Jamii aliyeniruhusu kuwakusanya wazazi na vijana wao pamoja kila wiki. Kazi ile ilinipeleka hadi mwisho wa miaka ya themanini.

Mwezi wa kustaafu nilipanga kadi za zamani za Kariobangi, nilizohama nazo, ili nimkabidhi mrithi wangu. Katika zile za kabla ya Zuhura nilikuta mwandiko wangu: "mvivu", "hataki kupona". Kadi saba. Niliziweka mkobani, nikaanza kuwatafuta wenyewe. Wanne walikuwa wamehama na wawili wamefariki. Wa saba, Mutiso, aliyekuja mara mbili tu akiwa kijana, nilimpata Kariobangi akigonga mabati ya masanduku.

"Nakukumbuka," akasema, nyundo mkononi. "Ulinifokea nikaenda zangu."

"Ndiyo. Nilikosea mimi, si wewe. Tangu hapo nimejifunza kuitibu hali ile. Nimekuja kuomba radhi."

Aligonga mara mbili tatu, akasimama. "Binti yangu yuko hivyohivyo. Anaanza kumi, hamalizi moja. Mamake halali kwa mawazo. Hiyo dawa yenu ni ya watoto, ama hata mtu mzima kama mimi?"

"Ni ya nyumba nzima."

Akafuta vumbi kwenye sanduku lililokamilika, akalisogeza upande wangu. "Basi keti, Sista. Nimwite mamake."

Nilikuwa nimestaafu siku tatu. Niliketi.