Barua Aliyoisaini Bila Kuisoma

Katika idara ya maji ya mji ule, mwanamke aliyepokea simu hakuitwa kwa jina lake. Wateja, ambao wengi hawakuwahi kumtia machoni, walimwita Sauti. Wafanyakazi wenzake nao wakalizoea, likamganda. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya dirisha la kioo ghorofa ya chini, visikilizio vya simu masikioni, daftari la malalamiko mbele yake. Kila tangazo la ofisi lililopita mezani pake alilisahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha akalisukumia kwenye droo. Hakumwonyesha mtu. Kwa maoni yake, hapakuwa na wa kumwonyesha.

Maana Sauti alikuwa na dharau. Si ile ya kubenjua midomo na kusonya mbele za watu, hapana. Heshima zake zilikuwa timamu na shikamoo hakumnyima mtu. Dharau yake ilikuwa ya kimyakimya, ya kumsikiliza mtu kwa tabasamu huku akimhesabia makosa kichwani. Na hakuna aliyemjazia hesabu hiyo kama mkuu wa kitengo cha mawasiliano, bwana mmoja wa suti ya kijivu na viatu vinavyometa, ambaye ofisi nzima ilimbandika jina la Kwanza-Kabisa. Hakuweza kufungua kinywa bila maneno hayo. Ukimuuliza kama ameshakunywa chai, atakujibu, "Kwanza kabisa, nashukuru kwa swali lako." Wengine walicheka. Sauti hakucheka. Aliona kumcheka ni kumpa mtu yule kitu asichostahili.

Siku moja saa ya chakula, Kwanza-Kabisa akaja dirishani na karatasi mbili zilizokunjwa.

"Dada yangu, kwanza kabisa pole na kazi."

"Ahsante, bosi."

"Naomba nafasi chuoni, shahada ya uzamili. Ya mawasiliano. Wakubwa wamesema bila hiyo cheo cha ukurugenzi nitakisikia kwenye redio tu. Sasa chuo kinataka barua ya kujieleza, kwa nini nataka kusoma, nimefanya nini kazini. Nimeandika hapa. Nipigie taipu, halafu uirembe kidogo. Wewe una mkono mzuri."

Alipoondoka, Sauti akazifungua karatasi. Sentensi ya kwanza ilisema: "Kwanza kabisa, mawasiliano ni muhimu sana kwa sababu pasipo na mawasiliano hakuna mawasiliano." Akaisoma mara ya pili, kuhakikisha macho hayamdanganyi. Chini yake palikuwa na wadau, mikakati, na uelewa kwa mapana yake. Miaka minane mtu huyu alilipwa kuzungumza na mji mzima, na hakuwa na kitu hata kimoja cha kusema.

Angeweza kuipiga taipu vilevile ilivyo na kumwacha aaibike kwa mkono wake mwenyewe. Hilo lilimpitia akilini, tena likamnoga. Lakini alikuwa na ugonjwa wake: sentensi mbovu ikipita mikononi mwake, mwili ulimwasha. Akazisukuma kando zile karatasi, akaanza upya.

Akaandika habari ya maji machafu. Miaka mitatu nyuma bomba kubwa lilipasuka karibu na mtaro, na uchafu ukaingia kwenye maji ya nusu ya mji. Kitengo cha Kwanza-Kabisa kilitoa tangazo kuwaomba wananchi "kuchukua tahadhari stahiki kuhusu ubora wa huduma katika kipindi cha mpito." Hakuna aliyeelewa. Simu zikaanza kulia saa moja asubuhi na hazikunyamaza siku mbili. Mama mmoja aliuliza kama kipindi cha mpito ni kipindi cha televisheni. Mwingine alikuwa ameshamnywesha mtoto. Hapo ndipo Sauti alipochukua karatasi akaandika: "Maji ni machafu. Usinywe bila kuchemsha mpaka yatokote. Mtoto mchanga usimwogeshe nayo. Tutakwambia yakiwa safi." Akatoa nakala, akawapa madereva wa idara wakazibandike kwenye kila bomba la mtaa. Hakuomba ruhusa. Kesho yake simu zilipungua, na bosi akapongezwa kikaoni kwa kazi nzuri ya kitengo chake.

Yote hayo akayaweka kwenye barua, kwa "mimi," kana kwamba Kwanza-Kabisa ndiye aliyeshika simu. Aliandika na yule mama wa televisheni. Aliandika na lile tangazo bovu, na kwa nini lilikuwa bovu. Alidhani bosi akifika hapo atashtuka, atauliza, pengine hata ataona haya.

Kwanza-Kabisa aliichukua barua dirishani, akaipima kwa macho urefu wake, akasema, "Imejaa vizuri," akatia saini. Hakusoma hata mstari mmoja. Sauti akamtazama akipanda ngazi, akahisi dharau yake imepata chakula cha mwaka mzima.

Wiki tatu zikapita. Bosi akaitwa usaili, akarudi akijipangusa jasho na kumwambia kila mtu kwamba kwanza kabisa mambo yalikwenda vizuri. Siku iliyofuata simu ikalia dirishani kwa Sauti.

"Mimi ni mhadhiri wa mawasiliano chuoni," alisema mwanamke wa upande wa pili, mtu mzima kwa sauti. "Nataka kuhakikisha jambo kuhusu mkuu wenu wa kitengo. Unaweza kuniunganisha na mtu aliyekuwepo wakati wa maji machafu?"

Kidole cha Sauti kilikuwa tayari kwenye kitufe cha ofisi ya utumishi. Kule wangemsifia bosi bila kufikiri, na mambo yangeishia hapo.

"Kuna tatizo gani, mama?" akauliza.

"Barua yake ni bora kuliko zote tulizopata mwaka huu. Tukamuuliza waliopiga simu walikuwa wanauliza nini hasa. Akatuambia wananchi wana uelewa mdogo. Tukamuuliza habari za mama wa televisheni. Akasema huyo alishughulikiwa na wadau."

Sauti akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Simu zile nilizipokea mimi," akasema. "Na barua niliiandika mimi. Yeye alitia saini."

"Unajua ulichokifanya si halali?" mhadhiri akauliza.

"Najua."

"Una shahada ya kwanza?"

"Ninayo. Ya lugha. Niliisoma jioni, miaka saba."

"Na bado unapokea simu?"

Mhadhiri akamwambia dirisha la maombi linafungwa Ijumaa, akaaga, akakata.

Hakungoja bosi asikie kwa watu. Alipanda mwenyewe ghorofani, akamkuta anapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi, akamweleza yote. Kwanza-Kabisa uso ulimsawijika.

"Dada, umeniangusha. Kwa nini uliandika mambo ambayo sikuyafanya?"

"Nilikosea, bosi, na kosa langu nimelikiri. Lakini ulisaini."

"Nilikuamini!"

"Hukuniamini. Hukuisoma tu."

Sauti akashuka ngazi akiwa amekaza shingo, ameridhika kupita kiasi, na nyumbani akamsimulia dada yake mkubwa kwa mikogo yote, akiigiza hadi ile midomo ya bosi iliyobaki wazi.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, mwenye pini mdomoni saa zote na maneno machache. Akazitoa pini, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize, mdogo wangu. Huyo baba ni bwege, sawa. Lakini bwege ameomba chuo. Wewe mwenye akili umeomba nini? Miaka yote unarudi hapa kunichambulia makosa ya watu. Shahada yako iko chini ya godoro, hata huko kazini hawajui kama unayo. Unawadharau mno hata kuwaonyesha unaona tabu. Sasa nani amekula hasara?"

Sauti alinuna, akaenda kulala bila kuaga. Alhamisi akaomba ruhusa ya nusu siku. Fomu ya kuombea chuo ilikuwa na kurasa sita. Ilimtaka aeleze "dira yake ya kitaaluma," naye akakereka kama kawaida, akatamani kuisahihisha na kuirudisha. Akajizuia. Akaandika kwamba kuna watu wanaolipwa kusema na hawaeleweki, na yeye anataka kujua kwa nini hali hiyo inavumiliwa. Akaandika pia, bila kupamba, kwamba aliwahi kumwandikia mtu barua ya chuo na kwamba hatarudia.

Walimkubali, kwa kura mbili dhidi ya moja. Mmoja wa wasaili alishikilia kwamba mwombaji ana kiburi. Hakukosea.

Kwanza-Kabisa naye hakukaa chini. Alipata chuo kingine, kisichouliza maswali, akamaliza ndani ya mwaka mmoja, akapewa ukurugenzi alioutaka. Cheti chake kimetundikwa ukutani, na matangazo ya idara yamezidi kurefuka.

Sauti alianza masomo ya jioni akiwa amejiandaa kumdharau kila mtu. Wiki ya pili walipewa kazi ya kuandika tangazo la mstari mmoja na kubadilishana. Lake lilimwangukia mzee wa makamo, msoma taarifa za misiba kwenye redio ndogo ya mtaa, mwenye shati lililopauka kola. Mzee akalisoma polepole, akalirudisha.

"Samahani, dada. Umesema 'maji yatarudi baada ya matengenezo kukamilika.' Mimi nikiwa nyumbani na ndoo tupu, sijui matengenezo yanakamilika lini. Hapa umejifikiria wewe na ofisi yako."

Siku mbili hakumsalimu mzee yule, alipita mbele yake kama anapita kwenye nguzo. Siku ya tatu, kazini, simu mbili mfululizo zikamuuliza swali lilelile: lini? Akachukua tangazo lake, akalitazama kwa muda mrefu, akafuta nusu nzima. Jioni ile alifika darasani mapema, akavuta kiti karibu na msoma misiba.

"Shikamoo," akasema. "Hebu nitazamie na hili."