Daftari la Migongo

Daftari langu la safari lilinuka vitunguu vya kukaanga. Lilikuwa la mistari, lenye jalada la kijani lililolainika kwa mafuta, kwa sababu kila nilipofika Mikumi nililifungulia kwenye benchi la mgahawa alikopika mama, hatua mbili tu kutoka jikoni. Nilikuwa darasa la nne. Mama aliachana na baba mwaka uliotangulia, akaenda kuwapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu, nami nikabaki Kilosa kwa babu, mzaa mama. Kila mwisho wa mwezi nilipandishwa basi Ijumaa baada ya shule, nikakabidhiwa kwa kondakta anayefahamiana na babu, na Jumapili nikarudishwa. Njiani tulipita kijiji kinachoitwa Ulaya, na shuleni nilijigamba mpaka wenzangu wakanichoka, eti mimi Ulaya napita kila mwezi, wao wamefika wapi? Nilikuwa na mdomo, sikatai.

Babu alikuwa mkulima wa mpunga na mwalimu wa madrasa, mtu wa maneno ya kuhesabika. Aliniruhusu kusafiri kwa masharti mawili. La kwanza, nisimletee mkate wala matunda kama wasafiri wengine. Nimletee nilichokiona, kimechorwa. Siku hizo niliona ni elimu ananitafutia. La pili, nisichore macho. Babu alishikilia kwamba kuchora kiumbe chenye roho si mchezo, na kwamba mchoraji ana maswali yake ya kujibu huko mbele. Sasa mtu utamchoraje bila macho? Nilipiga bongo, nikapata: nikawachora wote kwa nyuma. Utingo anayefunga turubai la lori, mgongo. Mama anayekoroga mchuzi, mgongo na fundo la kanga. Siku mama aliponipeleka Morogoro kununua masufuria, tukalala usiku mmoja, nilichora milima ya Uluguru iliyojifunika mawingu, wauza viatu vya mitumba wakiwa wameinama, na tembo tuliowaona mbugani kupitia dirisha la basi, wote makalio na mikia. Babu aliutazama ukurasa ule, akaniuliza kama tembo wa Mikumi wana ugomvi na mimi.

Ugomvi ulikuwepo, ila haukuwa wa tembo. Mama alitoka kwenye ndoa yake bila kwenda kwanza kukaa na babu na kumweleza. Babu aliisikia habari kutoka kwa wazee wa upande wa baba, waliokuja nyumbani wakamkuta hana la kujibu. Aliona aibu, na tangu siku ile hakumtaja mama kwa jina. Kila Jumapili, kabla sijapanda basi, mama aliniinamia akaniambia nimfikishie babu shikamoo yake. Nilifika, nikakaa mkekani, nikaifikisha kama ilivyo. Babu alifunua ukurasa mwingine. Kwetu, shikamoo huitikiwa hata ikitoka kwa mtu usiyempenda. Kuiacha hewani ni jambo zito, na hata mtoto wa darasa la nne alilijua hilo. Nikirudi Mikumi mwezi unaofuata, mama aliniuliza huku akimenya viazi, kama mtu asiyejali jibu, iwapo babu aliitikia. Mwezi wa kwanza nilisema kweli, nikaona kisu kimesimama. Mwezi wa pili nikasema babu alikuwa anaswali. Wa tatu nikasema alikuwa na kikohozi. Uongo ukaniishia. Niliitaka marahaba ile kuliko nguo ya Idi.

Mwezi wa nne nikaamua liwalo na liwe. Nilimwomba mama akae nimchore uso, ili babu amwone, maana mgongo wake alishauzoea. Mama alicheka, akasema yeye si bibi harusi, lakini akafuta mikono, akakaa kwenye kigoda na kutulia. Jamani, kumbe uso wa mama ni mgumu kuchora hivyo! Macho yalinichukua muda, nikayafuta, nikayarudia mpaka karatasi ikachanika kidogo. Nilipomaliza pua, malori matatu yakaegesha kwa pamoja, mama akainuka kwenda kusonga ugali. Mashavu nikayamaliza mwenyewe kwa kubahatisha, mistari miwili imenyooka kutoka sikioni hadi kidevuni. Mama, aliyekuwa amenawiri kwa wali wa mgahawani hadi blauzi zikambana, karatasini akawa mtu aliyetoka kuugua. Sikuwa na muda wa kurekebisha, basi lilikuwa linapiga honi.

Jioni ile babu alifungua daftari nami nimekaa mbele yake. Nilishajiandaa kwa fimbo. Alipita ukurasa wa lori, akapita wa duka la dawa, akafika kwenye uso. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.

"Mbona amekonda hivi?"

Hapo ndipo ningesema mashavu yalinishinda. Sikusema. Akaniuliza kama mama anaumwa, nikajibu sijui, na Mungu anisamehe, nilijua vizuri kabisa kwamba mama alikuwa mzima wa afya na alikula sahani mbili mbele yangu. Babu alifunga daftari. Kuhusu macho hakunena neno.

Kesho yake Jumatatu alivaa kanzu yake ya Ijumaa na kuniambia leo shule hakuna. Huyu ni babu ambaye homa haikuwahi kuwa sababu ya kukosa darasa lake. Alibeba mchele mpya kwenye mfuko na jogoo aliyefungwa miguu, tukapanda basi. Kila kilomita nilizidi kunywea, maana nilijua kinachotungoja: mashavu ya mama, yamejaa tele, na mimi muongo wa wazi. Tulifika mchana. Mama alikuwa ametupa mgongo, anageuza ugali wa watu wengi. Aligeuka, uso unang'aa kwa jasho na afya. Mwiko ulimtoka. Alipiga magoti palepale kwenye sakafu yenye majivu, akasema shikamoo baba.

Babu alimtazama. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu sana, nami nikatazama ndala zangu. Kisha akamrudia mama.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda sana."

Madereva wawili waliokuwa wanakula wakatazamana. Mama alilia, akacheka, akalia tena, na babu akamwomba maji ya kunawa.

Babu ametangulia mbele ya haki. Mimi naishi Dodoma, nina kazi ya ofisini, na bado nina ugonjwa wa daftari: nikipata siku mbili nakwenda Iringa, Tanga au Mbeya, nakaa mahali penye watu, nachora. Mama yuko Mikumi, mgahawa sasa ni wake. Barabara ni nzuri kuliko zamani, mabasi ni mengi, na jioni nyingi ananitumia picha zake kwa simu, safi, zenye rangi, hakuna mstari uliokosewa. Nazikuza kwa vidole viwili, naridhika kwamba mama yupo, basi yameisha. Sijakwenda kwake tangu Idi. Juzi alinitumia moja, amekaa mlangoni peke yake, ameshika tama. Nilimjibu kwa alama ya moyo, nikaendelea na kazi. Babu angekuwa ameshapanda basi.