Majirani Wamlilia Mjomba kwa Sababu ya Mbuzi

Leo hapa Garsen mjomba wangu amehudhuria msiba wake mwenyewe.

Mama aliota uvimbe kwenye kaakaa, juu ndani ya kinywa. Ikawa ni saratani ya tezi za mate, ile ambayo hata daktari alisema haioni mara kwa mara. Alipasuliwa Mombasa, akatengenezewa kaakaa la plastiki la kuziba tundu. Akilivua, uji hutokea puani, na maneno pia.

Basi asubuhi amelivua, ameliosha, ameliweka kichanjani pamoja na vyombo.

Mbuzi wa jirani akalibeba.

Mama akatoka mbio akipiga kelele, "Kaakaa langu! Kaakaa langu!"

Kwa sauti ile ya puani, majirani wakasikia, "Kaka yangu!"

Jamani! Wanawake wakaangua kilio. Mmoja akaja na sukari na majani ya chai. Mama anaonyesha mbuzi, wao wanamkumbatia, wanamwambia ajikaze.

Mimi nakimbiza mbuzi. Bila kile kidude, mama hali.

Mjomba akasikia vilio, akaja mbio, naye akalia kabisa. Kisha ndipo akauliza, "Kwani nani amekufa?"

"Wewe," jirani akamjibu.

Mbuzi alilitema kwenye kichaka cha miiba ya mathenge. Lina alama za meno, lakini tumeliosha na bado linakaa vizuri.

Mama akamgeukia kaka yake, sasa kila neno likisikika:

"Hata ukifa kweli, sitakulilia hivi."

Niambieni, sukari ya watu tunairudisha au tupike chai?