Mwanga wa Vifungo Viwili

"Fundi amecheza kamari jicho lake," Mama Pacha aliniambia pale bombani, ndoo yake haijajaa hata nusu. "Jicho, jamani! Kaliweka mezani, likaliwa."

"Dada, jicho haliwekwi mezani."

"Kamuulize kinyozi. Alikuwepo."

Nilijitwisha ndoo, nikamshika mwanangu mkono, tukarudi. Ila nilikwenda na moyo mzito, kwa sababu umbea wake ulikuwa na ukweli ndani yake.

Fundi ni mshonaji wa nguo. Tumepakana ukuta. Mke wake alishatangulia, na mtoto hawakujaliwa. Jicho lake la kushoto lilikufa tangu ujana, akawa anashonea la kulia. Kisha hilo nalo likaanza kuingia ukungu, polepole, mpaka akawa ananigongea ukutani niende kumtungia uzi kwenye sindano. Mwisho akashona suruali mguu mmoja mfupi. Mwenye nayo alicheka sana, akalipa, na hakurudi tena. Wiki hiyo fundi aliifunika cherehani shuka.

Kilichobaki ni karata. Kinyozi wa mtaani kwetu na dereva mmoja mstaafu huja kwake alasiri kucheza poka, ule mchezo wa kuwekeana dau. Hela hawachezi, wanacheza vifungo vya shati kutoka kwenye mkebe wa fundi. Karata zake alikuwa akizisogeza hadi puani.

"Mzee, unazisoma au unazinusa?" kinyozi humtania.

"Nazinusa. Na zako zinanuka woga."

Mimi hukaa kizingitini nikichambua mchele, mwanangu akizunguka humo ndani na sweta lake jekundu. Fundi alimpa jina la Doa. Sura yake hakuwahi kuiona. Alichokiona ni doa jekundu linapita kwenye ukungu, basi atanyoosha mkono, "Doa, njoo hapa," na hakukosea hata siku moja.

Alasiri moja alishindwa vibaya, na kinyozi akamcheka. "Umeingia kichwa kichwa, mzee! Ulikuwa huna kitu."

"Kushindwa nimeshindwa," fundi akasema. "Kukosea sijakosea." Akanigeukia mimi. "Mama Doa, wewe hesabu za shule unazikumbuka. Nilikuwa natafuta kopa moja tu ifunuliwe, nishinde. Ukijaribu mara tano, inakuja kama mara moja. Huyu alinidai vifungo viwili ndiyo nibaki mchezoni, na katikati ya meza vilikuwepo kumi vya mshindi. Nikishindwa mara nne, nimetoa vinane. Nikishinda ile moja, nazoa kumi. Nitoke kwa nini?"

Nilihesabu kwa punje za mchele kwenye ungo. Ni kweli, ilikuja hivyo.

"Watu wanaangalia karata za mkononi tu," akaendelea. "Angalia unadaiwa nini, na katikati kuna nini. Kisha uliza inakuja mara ngapi."

Daktari wa macho aliyekuwa akimpima alipomwita, mimi ndiye niliyemsindikiza. Alikuwa kijana mpole, hakumficha. Ukungu ungeweza kubaki vilevile kwa miaka. Upasuaji upo, lakini kati ya watu watano wenye jicho kama lake, anayeona vizuri ni mmoja. Wengine hupoteza hata kile kidogo.

Kesho yake wenzake walipokuja, fundi hakugawa karata. Alimimina vifungo, akasukuma viwili upande mmoja.

"Huu ndio mwanga nilionao. Ukungu mtupu." Akarundika kumi katikati. "Hii ni cherehani. Uzi. Sura ya huyu mtoto. Inakuja mara moja katika tano. Haya, nitoke au nibaki?"

Dereva alikuna kidevu. "Kwa hesabu, unabaki."

"Fundi," nikasema, "kwenye karata mtagawa tena. Jicho likishaliwa, utagawa nini?"

Akatabasamu kuelekea nilipokuwa. "Mwanangu, wewe una huruma. Karata hazina."

Alipasuliwa. Walipomfungua bandeji nilikuwa nimesimama pembeni na Doa. Nilimvalisha sweta jekundu makusudi. Doa akamkimbilia kama kawaida yake, akasimama mbele ya magoti yake kusubiri mkono. Mkono haukuja. Mtoto alisubiri, akaniangalia mimi, akaangalia mkono ule ulioshika ukingo wa kitanda. Mwisho akamgusa goti, na fundi akashtuka.

"Nani?"

"Ni Doa, fundi," nikasema.

"Aa," akasema. "Yuko hapa?"

Tangu siku hiyo kila anayeingia kwake anamwambia neno zuri. Utaona tu, mzee. Jicho linapumzika. Hata Mama Pacha, aliyetangaza habari bombani, akifika mle ndani sauti inakuwa asali: "Fundi, leo umependeza, na jicho linang'aa!" Yeye huitikia, asante, asante.

Basi siku ile ya bombani, nilipotua ndoo nikaenda kwake. Alikuwa amekaa kama anayetazama dirishani. Kumbe mbele yake ulikuwa ukuta. Dirisha lilikuwa nyuma yake. Kiganjani alikuwa na vifungo viwili, anavisugua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Doa. Wanasema nini huko bombani?"

"Kwamba umecheza kamari jicho."

Alicheka, kicheko kikakatikia njiani. "Hawajasema uongo. Safari hii nimeshindwa, na nimekosea pia. Hesabu ilikuwa sawa, bei ndiyo niliyokosea. Ule mwanga haukuwa vifungo viwili. Nilikuwa najua asubuhi imefika. Najua mlango uko wapi. Doa nilikuwa namwona, mwanangu. Namwona!"

Nje kinyozi na dereva walikuwa wanakuja, nasikia wanabishana. Fundi alinyoosha mkono hewani mpaka nikaupokea.

"Kaa hapa kando yangu," akasema. "Vifungo navihesabu kwa vidole. Karata ninong'oneze sikioni. Na ikiwa mbaya, niambie mbaya. Nakuomba. Awepo mmoja tu wa kuniambia mbaya."